Shafaki na Vumbi la Bomu

Mwezi wa Septemba, watu wa Tunduru wachomapo majani waliyoyafyeka mashambani na chini ya mikorosho, jua hutua likiwa jekundu mno. Lakini wekundu huo ni wa moshi ulio karibu na ardhi, nao hufifia mara jua lizamapo. Iko shafaki nyingine, ya rangi ya zambarau, ambayo mtu aliyeketi barazani akingoja adhana ya isha aweza kuiona robo saa au zaidi baada ya machweo, iwapo anga ya juu ina vumbi: sisi huku chini tumekwisha kufunikwa na kivuli cha dunia, ilhali miali ya jua ingali ikilipiga vumbi hilo na kutawanyika. Na kwa kuwa mwendo wa kivuli hicho wajulikana, mwenye saa na hesabu aweza kukadiria vumbi liko juu kiasi gani.

Ndiyo sababu, zama mabomu ya atomiki yalipokuwa yakijaribiwa hewani, hasa lile la Warusi la tarehe 30 Oktoba 1961, ambalo wingu lake lilipaa kupita kilomita 60, nuru ya machweo ilionekana kuwa shahidi afaaye. Kisha ikaja njia nyingine ya kuipima anga ya juu kwa nuru: mwaka 1963, huko Marekani, Giorgio Fiocco na Louis Smullin walirusha angani mwanga wa leza, wakaudaka ule mchache uliorudi. Lakini mwaka huo huo mlima Agung wa Bali ulilipuka, na ukungu wake ukatanda zaidi kusini mwa ikweta, yaani kwetu. Tabaka la vumbi lililokutwa baadaye na leza kwenye kilomita 20 likahesabiwa kuwa la mlima, si la bomu. Nuru hushuhudia kuwa vumbi lipo, wala haimtaji mwenyewe.

Wa kumtaja ni kichujio. Chini ya mkataba wa 1996 wa kukataza majaribio yote ya nyuklia, Dar es Salaam ina kituo nambari 64 kati ya vituo 80 vya kunasa chembe za mionzi hewani: hewa hupitishwa kichujioni siku nzima, kichujio hupumzishwa siku ya pili, na siku ya tatu mionzi yake hupimwa. Ikionekana bariamu-140, ambayo nusu yake hutoweka kwa siku 13 hivi, basi si masalio ya majaribio ya zamani. Imetoka katika bomu au tanuri la nyuklia hivi karibuni. Hata vumbi la urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo jirani na Tunduru, lingepeperushwa hadi huko lisingemhadaa mpimaji, kwani urani iliyolala ardhini haiachi alama hiyo kichujioni.