Panya Jike Kwenye Njia Panda

Sogeeni hapa mkekani. Juzi mpwa wangu alitumwa chumvi. Uchochoro wake wa kila siku ulikuwa umezibwa na turubai la harusi. Akazunguka, akapotea, akarudi amenuna. Kaka yake akamcheka: "Wasichana hawajui njia!"

"Eti mjomba, kweli?" mpwa wangu akaniuliza.

Swali zuri, mwanangu. Swali zuri sana! Ngoja nimwite panya jike wa maabara akujibu mwenyewe.

"Mimi," anasema panya, "waliniweka kwenye njia panda. Niliingilia kusini, nikapinda kulia, nikakuta chakula. Siku ya pili, kulia tena, chakula tena. Halafu siku moja wakaniingizia kaskazini. Niende wapi?"

Wewe ungekwenda wapi? Panya ana njia mbili za kujua. Ya kwanza ni ya mguu: "Pinda kulia." Mguu umeshazoea, kama mama anavyopapasa kiberiti jikoni gizani. Ya pili ni ya ramani: "Chakula kiko upande wa dirisha." Siku hiyo, mwenye kufuata mguu anaishia upande mwingine kabisa.

"Sasa wewe ulifuata ipi, panya?"

"Inategemea siku! Nina homoni iitwayo estrojeni. Inapanda na kushuka, mzunguko wa siku 4 au 5. Ikipanda, mara nyingi nafuata ramani. Ikishuka, mara nyingi nafuata mguu."

"Mjomba, homoni ni nini?"

Ni mjumbe. Anapita ndani ya damu akibisha hodi, mlango hadi mlango. Na ubongoni kuna chumba cha ramani, hipokampasi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walikitazama chumba hicho kwa panya jike. Wakaona seli zake zina vichipukizi vidogo mno. Estrojeni ikipanda, vinaongezeka. Ikishuka, vinapungua, ndani ya siku moja tu! Umeuona mchicha wa bibi mvua ikinyesha? Ndivyo hivyo.

Wanawake nao wana mzunguko wao, wa siku kama 28. Watafiti wengine wameona kwamba kwao pia, siku fulani ramani huvuta zaidi, siku nyingine mguu. Lakini kubadili njia si kupotea, mwanangu.

"Mbona kaka hapotei?"

Twende kando ya Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania, kwa Wahadza. Watafiti waliwapa vifaa vya kufuatilia nyayo zao, na mwaka 2021 wakatoa majibu. Wanaume walitembea mbali zaidi, mara nyingi peke yao, wakitafuta nyama na asali. Wanawake walikwenda kwa makundi, kuchimba mizizi na kuchuma matunda. Mimi naamini miguu nayo huufundisha ubongo. Kaka yako anacheza mpira mpaka ng'ambo ya reli. Wewe tunakutuma duka lile lile, uchochoro ule ule, kila siku. Kosa hilo ni letu wakubwa.

Mpwa wangu akanyamaza. Kisha akaokota kijiti, akachora kwenye mchanga wa uani. Hapa kisima. Hapa mwembe. Hapa duka. Hapa reli. Kijiti kikasimama.

"Mjomba, ng'ambo ya reli kuna nini?"

Nikavaa kandambili zangu. Akatangulia yeye.