Maumivu ya Kiuno na Mguu: Upasuaji wa Tundu Dogo Humfaa Nani?

Katika parokia zetu wapo ndugu wanaoshiriki Misa Takatifu wakiwa wamesimama tangu mwanzo hadi mwisho, si kwa kukosa nafasi, bali kwa sababu kuketi kunawaumiza. Maumivu yao huanzia kiunoni, hupita kwenye tako moja na kushuka nyuma ya paja hadi unyayoni, yakichoma mithili ya umeme. Baadhi yao huvumilia kimya, kwa kuwa wamesikia kwamba apasuliwaye mgongo hupooza. Wengine, wakipata habari za upasuaji wa tundu dogo, huwa tayari kuuza hata shamba wakiamini kwamba ndiyo dawa ya kila mgongo unaouma. Hofu ile na haraka hii, zote mbili huleta hasara.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Kiuno cha mwanadamu kina pingili 5 za uti wa mgongo. Kati ya pingili moja na nyingine ipo diski, yaani mto mdogo wenye ukuta mgumu wa nyuzi kwa nje na ute mzito kwa ndani. Kadiri umri unavyosonga, ukuta huo huchakaa. Ukichanika, sehemu ya ute huchomoza na kugandamiza mzizi wa neva unaopita jirani. Mara nyingi jambo hili hutokea katika diski mbili za chini kabisa, zilizo karibu na neva ziendazo mguuni. Ndiyo maana mguu huuma ilhali kasoro imo mgongoni. Uhusiano huo ulielezwa bayana mwaka 1934 na madaktari William Jason Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani.

Je, kila mgonjwa apasuliwe?

La hasha. Mwili wenyewe una uwezo wa kukifyonza taratibu kipande cha diski kilichochomoza. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu katika wiki 6 hadi 12 kwa dawa walizoandikiwa na daktari, mazoezi ya viungo, na kuendelea kutembea kadiri wawezavyo. Kulala kitandani majuma mengi hudhoofisha misuli. Aidha, picha ya MRI pekee haitoshi kuamua, maana watu wengi wasio na maumivu yoyote, wakipimwa, nao huonekana wana diski zilizochomoza. Sharti picha ikubaliane na maumivu ya mgonjwa na yale anayoyaona daktari anapompima.

Hata hivyo, zipo dalili zisizongoja. Mtu akishindwa kukojoa au kuzuia haja, akifa ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, au miguu yote miwili ikilegea, asikandwe wala kunyooshwa mgongo nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Neva zilizobanwa hivyo zikichelewa kufunguliwa, madhara yaweza kudumu maisha yote. Vilevile, mguu unaozidi kupoteza nguvu, hata mtu akawa anaburuta unyayo, wahitaji kuonwa na daktari bingwa bila kukawia.

Upasuaji huo hufanyikaje?

Zamani daktari alipasua ngozi kwa urefu na kubandua misuli mingi kutoka kwenye mfupa. Mwaka 1977, Gazi Yaşargil aliyefanya kazi Zurich, Uswisi, na Wolfhard Caspar wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walichapisha taarifa za upasuaji wa diski kwa msaada wa hadubini, kupitia jeraha dogo. Mwaka 1997, Kevin Foley na Maurice Smith wa Marekani wakaeleza njia ya kupitisha bomba jembamba lenye kamera katikati ya misuli.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na kulazwa kifudifudi. Daktari huhakikisha kwa eksirei kwamba amefika kwenye pingili inayohusika, hupasua ngozi kiasi cha sentimita 2 au 3, kisha huitanua misuli. Akitazama kwa hadubini au kamera, huondoa sehemu ndogo ya mfupa, husogeza neva kwa upole, na kutoa kile kipande cha diski kinachoibana. Diski iliyobaki huachwa mahali pake. Wagonjwa wengi hutembea siku hiyo hiyo au kesho yake.

Na kupooza je? Uboho wa mgongo huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, juu ya mahali ambapo upasuaji huu hufanyika mara nyingi. Kwa hiyo kupooza miguu ni jambo la nadra sana. Hatari zilizopo ni kuchanika kwa utando unaofunika neva, maambukizi, neva kuumia, na diski kuchomoza tena baadaye.

Faida na mipaka yake

Nchini Uholanzi, wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12 waligawanywa kwa kura: wengine wapasuliwe mapema, wengine waendelee na tiba ya kawaida na kupasuliwa baadaye ikibidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikaribia kuwa sawa. Katika kundi la pili, 39 kati ya kila 100 hatimaye walipasuliwa. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2009, uliwalinganisha wagonjwa 328: bomba jembamba halikuonekana kuishinda njia ya kawaida ya hadubini.

Fundisho ni kwamba udogo wa tundu peke yake hauponyi. Kinachosaidia ni kumpata mgonjwa anayefaa, kwa wakati unaofaa, mikononi mwa daktari aliyeizoea kazi hiyo. Tena, upasuaji huu huondoa hasa maumivu ya mguu. Anayeumwa kiuno peke yake asitarajie makubwa.

Basi, kabla ya kukubali, mwulize daktari: Je, picha inalingana na maumivu yangu? Nikisubiri, nitapata hatari gani? Nitarudi kazini lini? Anayekabiliwa na upasuaji mkubwa aweza pia kumwomba Padre Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, ambao Kanisa halikuuweka kwa ajili ya wanaokata roho tu.

Nasi wanajumuiya tunao wajibu wetu. Aliyetoka kupasuliwa hukatazwa kuinama na kubeba mizigo kwa majuma kadhaa. Ndoo ya maji tutakayomchotea na jembe tutakalomshikia ni sehemu ya tiba yake.