L'Opinion: Chama cha Kiarabu, Gazeti la Kifaransa

Chama cha Istiqlal cha Moroko, kilichoasisiwa mwaka 1943, kiliongozwa na Allal al-Fassi, msomi wa Qarawiyyin mjini Fez na mtetezi mkubwa wa Kiarabu. Baada ya uhuru wa 1956, chama hiki kilishikilia kwamba shule na afisi za serikali zitumie Kiarabu. Tayari kilikuwa na Al-Alam, gazeti la Kiarabu lililoanza 1946. Iweje basi kwamba mnamo 1965 chama hichohicho kilianzisha gazeti la kila siku kwa Kifaransa, yaani L'Opinion?

Wapo watakaouita huu unafiki. Hata hivyo, jibu limo katika wasomaji wala si katika itikadi. Istiqlal ilikuwa imetoka serikalini mwaka 1963, nao wakuu wa idara, mawakili na wafanyabiashara wengi walikuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa enzi za himaya ya Ufaransa. Kuwakosa hao kulikuwa sawa na kuwakosa wenye maamuzi. Chama kilichotaka Kifaransa kipunguziwe nafasi kilijikuta kikikihitaji ili kisikike, na kila uchao kikawa kinachapisha magazeti mawili kwa wasomaji wawili tofauti.