Mvuto wa Karne ya 19 katika Riwaya za Nidhamu

Riwaya za nidhamu ni tawi la fasihi ya mapenzi ya watu wazima. Visa vyake huzunguka amri, utii na adhabu kati ya wahusika ambao wote ni watu wazima, na nyingi huwekwa Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901.

Mvuto wa kwanza ni ngazi za mamlaka. Kisa cha aina hii hakisimami bila mwenye kuamuru na mwenye kutii, na jamii ile ilikwisha kuwapanga. Sensa ya 1851 ilihesabu watumishi wa nyumbani zaidi ya milioni moja. Mke naye alihesabiwa kisheria kuwa kitu kimoja na mumewe. Haki kamili ya kumiliki mali yake aliipata kwa sheria ya 1882. Hata mwaka 1891 bado ilibidi Mahakama ya Rufaa itamke kwamba mume hana ruhusa ya kumfungia mkewe ndani. Kwa hiyo mwandishi hahitaji maelezo marefu: vazi, cheo na namna ya kuitana huonyesha nani yuko juu ya nani.

Mvuto wa pili ni usiri. Sheria ya 1857 iliruhusu mahakimu kuamuru vitabu vichafu vikamatwe na kuteketezwa, lakini biashara yake iliendelea chini kwa chini. Mkusanyaji Henry Spencer Ashbee aliviorodhesha kwa jina la bandia mwaka 1877. Panapokatazwa kusema, glavu inayovuliwa taratibu au mlango unaofungwa huwa tukio zima.

Tena, lugha ya matamanio haya ya kuamuru na kutii ilizaliwa wakati huohuo, nje ya Uingereza. Mwaka 1870 Leopold von Sacher-Masoch alichapisha riwaya ambamo mwanamume anatia saini mkataba wa kuwa mtumwa wa mwanamke ampendaye. Mwaka 1890 daktari Richard von Krafft-Ebing akaunda neno masokizimu kutokana na jina la mwandishi huyo.

Ridhaa iliyo katika mkataba kama huo ndiyo inayotenganisha riwaya na historia. Askari wa Uingereza aliyechapwa viboko, adhabu iliyofutwa jeshini mwaka 1881, hakuulizwa ridhaa yake. Mtumishi pia hakuulizwa. Waandishi makini wa leo huchukua mavazi na taratibu za enzi hiyo, kisha humpa anayetii sauti ya kukubali na ya kukataa. Sarah Waters, katika Fingersmith ya 2002, aliitazama enzi hiyo kwa upande wa pili: msichana analazimishwa na mjomba wake kuwasomea mabwana vitabu vichafu, na msomaji anaona gharama ya utii usio na hiari.