Makaa ya Mui: Maji yapimwe kabla ya mgodi kufunguliwa

Katika mtaa wa Kaaga, viungani mwa mji wa Meru, maji hushuka kutoka Mlima Kenya, na mto Kathita hutiririka mwaka mzima hadi kumiminika katika Tana. Ng'ambo ya Tana, katika bonde la Mui, Kaunti ya Kitui, mito hukauka kiangazi na wakazi hufukua mchanga wa mkondo ili kupata maji ya kunywa na kunywesha mifugo.

Chini ya bonde hilo kame mna makaa ya mawe. Serikali ilianza kuyatafuta 1999, ikachimba zaidi ya mashimo 70 ya uchunguzi na kuligawa eneo katika vipande vinne. Kipande cha C pekee kilikadiriwa kuwa na tani milioni 400. Mnamo Desemba 2013 mkataba wa vipande vya C na D ulitiwa saini na kampuni ya Fenxi ya Uchina, lakini miaka kumi baadaye mgodi ulikuwa haujafunguliwa.

Kuchelewa huko kuna faida moja: maji bado yanaweza kupimwa yakiwa katika hali yake ya asili.

Makaa ya mawe mara nyingi huandamana na pairiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hayana madhara. Yakifukuliwa, hewa na maji huyageuza kuwa asidi ya salfa, ambayo nayo huyeyusha chuma, manganizi na alumini kutoka katika miamba. Matope ya rangi ya machungwa huonekana baadaye mtoni, lakini kisima kinaweza kuharibika bila dalili yoyote ya rangi.

Madhara ya pili hayahitaji sumu. Shimo la mgodi likipita kina cha maji ya ardhini, lazima maji hayo yavutwe kwa pampu usiku na mchana. Visima vya jirani hushuka, na mwanamke aliyekuwa akichota maji mita chache chini ya mchanga hukuta mchanga mtupu. Mashimo ya uchunguzi nayo, yasipozibwa vyema, hupitisha maji ya chumvi hadi kwenye maji matamu.

Hapo ndipo penye utata wa Kitui. Maji ya visima vingi huko yana chumvi tangu jadi. Mkazi akilalamika baada ya mgodi kufunguliwa, mwenye mgodi anaweza kujibu kwamba maji yalikuwa hivyo siku zote, na pasipo vipimo vya awali hakuna mahakama itakayoamua kwa urahisi.

Kwa hivyo kila kisima kinafaa kupimwa kina cha maji, asidi, salfeti, chuma, manganizi na chumvi, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kipimo cha siku moja baada ya mvua hakina maana kubwa. Mtoni, wadudu wanaoishi chini ya mawe wahesabiwe pia, kwani wao hutoweka kabla ya samaki.

Afrika Kusini ilijifunza kwa uchungu. Mnamo Januari 2012, maji ya asidi kutoka migodi ya makaa yaliingia katika bwawa la mji wa Carolina, mkoani Mpumalanga, na wakazi wakakaa miezi kadhaa bila maji salama ya mfereji.

Nchini Kenya, Sheria ya Mazingira ya 1999 inataka tathmini ifanywe kabla ya leseni kutolewa na NEMA. Tathmini hiyo, hata hivyo, hugharimiwa na mwenye mradi. Nakala ya vipimo vya maji inafaa kuwekwa pia kwa chifu na katika shule za Mui, pamoja na ramani ya kila kisima na tarehe kilipopimwa.