Sikukuu Hii, Tazameni "Shakti"

Idi inapofika, biriani ikishaliwa na wageni wakishaagana, nyumba nyingi za pwani huwasha televisheni. Anayetaka picha ya baba na mwana, mimi namchagulia "Shakti" ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Ramesh Sippy.

Dilip Kumar, ambaye jina lake hasa lilikuwa Muhammad Yusuf Khan, ni ofisa wa polisi. Wahalifu wamteka mwanawe mdogo ili awafungulie mwenzao. Baba awajibu kwa simu kwamba hata mtoto akiuawa, kazi yake hataisaliti. Mtoto yupo pale pale, asikia kila neno. Asilolijua ni kwamba huku baba anamtafuta kwa udi na uvumba. Akikua, sasa ni Amitabh Bachchan, chuki imekwisha ota mizizi.

Rakhee ndiye mama, ingawa kwa kuzaliwa "mwanawe" huyo amemzidi miaka mitano! Hata hivyo, utamwamini.

Mwishoni, uwanja wa ndege, baba ampiga mwana risasi. Wengi husifu purukushani ile. Mimi huyangoja yanayofuata: wote wawili wakiri kwamba wakipendana, naye mwana, akikata roho, amwuliza babake kwa nini hakumwambia siku zote zile.