Hadithi za upelelezi zisizo na maiti

Askari aliye nje ya zamu ni msomaji wa ajabu. Mchana kutwa ameandika maelezo ya walalamikaji na mashahidi, na jioni, badala ya kuyasahau mambo hayo, hujinyoosha kitandani akasoma habari za wezi wengine, wa kubuni. Mtu wa nje aweza kushangaa, lakini sababu yake si ngumu kuifahamu. Katika kazi, majalada mengine hayafungwi kamwe. Katika hadithi, kila jalada hufungwa kabla ya ukurasa wa mwisho.

Leo, ndugu msomaji, twalizungumzia tawi moja la hadithi hizo ambalo wengi wetu hulipuuza kwa kudhani ni la watoto tu. Nalo ni hadithi nyepesi ya msichana mpelelezi: fumbo bila maiti, hatari bila bastola, na kicheko mwishoni. Twauliza pia kama hadithi ya namna hiyo yaweza kuota mizizi katika mji wa Gisenyi.

Msichana aliye mashuhuri kuliko wote katika tawi hili ni Nancy Drew wa Marekani. Vitabu vyake vitatu vya kwanza vilitoka mwezi wa Aprili 1930. Aliyembuni ni Edward Stratemeyer, mwenye kampuni ya kutunga vitabu vya vijana, ambaye alifariki mwezi uliofuata. Stratemeyer alitoa muhtasari, na uandishi wenyewe ukafanywa na mwanamke kijana kutoka jimbo la Iowa, Mildred Wirt, kwa malipo ya dola 125 kwa kitabu. Jalada lilibeba jina la kubuni, Carolyn Keene, naye Mildred alifungwa na mkataba asiitoboe siri hiyo. Kati ya vitabu 30 vya kwanza aliandika 23, na watu wengi hawakumjua hadi mwaka 1980, alipotoa ushahidi katika kesi ya wachapishaji mjini New York. Basi hata mwandishi wa mafumbo alikuwa fumbo kwa miaka 50!

Kwa nini wasichana walimpenda Nancy? Hakuwa na cheo wala silaha. Kesi yake ya kwanza yahusu hati ya wosia iliyopotea, na aliitafuta kwa kuwatembelea watu wa kawaida, kuwauliza kwa adabu na kuyakumbuka majibu yao. Nguvu zake zilikuwa macho, masikio na miguu. Mambo hayo matatu kila msichana anayo, awe wa Iowa au wa Rubavu.

Kiswahili nacho si maskini katika fani ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo alituletea Bwana Msa, mtu wa kiko na fikra nyingi, pamoja na rafiki yake Najum. Yafaa kukumbuka kwamba Abdulla, kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti, alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya. Jicho la kukagua ndilo lililomwandikia vitabu. Baadaye akaja Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo, 1965, kisha Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa.

Msomaji atatambua jambo moja katika orodha hiyo: mashujaa wote ni wanaume, na wengi wao hawaendi mbali bila kukutana na maiti. Hatuwalaumu waandishi hao, kwani wametuburudisha. Lakini kwa mji wa Gisenyi, hadithi ya mauaji yenye mzaha haifai. Hapa, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu waliletwa kuuawa mahali palipopewa jina la Commune Rouge, na leo pana ukumbusho. Mwandishi mwenye heshima hawezi kuutupa mwili wa mtu katika ukurasa wa kwanza ili kuchekesha watu ambao bado wanawalilia wao. Akitaka kucheka pamoja nao, na atafute jambo dogo lililopotea.

Wala mambo madogo ya kupotea hayakosekani Gisenyi. Mji huu wapakana na Goma, na Kiswahili huvuka mpaka kila asubuhi pamoja na wachuuzi wa Petite Barrière, wengi wao wanawake, wenye mabeseni ya nyanya na mayai. Upande mmoja kuna Ziwa Kivu, na usiku mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu huenda kuvua sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi hupiga makasia wakiimba, na taa zao huonekana kama mji mwingine juu ya maji.

Tutoe mfano wa kubuni, ili msomaji aone jinsi fumbo linavyosukwa. Tuseme taa kubwa ya ushirika wa wavuvi imetoweka. Mtunza taa aeleza kwamba ilianguka ziwani usiku wa Jumamosi, wakati wa kuvua. Wazee wanasikitika, wanaanza kuchanga fedha za taa mpya. Lakini kuna msichana wa sekondari, binti wa mchuuzi wa sambaza, ambaye usiku huo huo alikuwa arusini. Akumbuka kwamba alikula chakula chini ya turubai lenye taa kali mno, kisha akarudi nyumbani bila tochi, kwa kuwa mwezi ulikuwa mpevu na njia ilionekana kama mchana.

Hapo ndipo penye ufunguo. Mtoto wa mwambao wa Kivu anajua kwamba sambaza huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima hung'aa, samaki hawaifuati taa, na mitumbwi hulala ufukoni. Basi Jumamosi ile nani alikwenda kuvua? Hakuna! Na taa isiyo na kazi ziwani yaweza kukodishwa arusini kwa siri. Msichana agundua kwamba alikula wali chini ya taa ile ile inayotafutwa, ambayo baadaye ilivunjika, na mtunza taa akaona haya kusema.

Tazama, ndugu msomaji: hakuna aliyekufa, wala dalili hata moja haikufichwa. Arusi, taa na mwezi vyote vilitajwa mapema. Huo ndio uaminifu wa mwandishi wa mafumbo. Anayemtoa mhalifu mfukoni katika sura ya mwisho amemdanganya msomaji wake, kama vile askari aletaye mahakamani kielelezo kisichoandikwa katika jalada.

Kuna onyo jingine. Kuanzia mwaka 1959 vitabu vya zamani vya Nancy Drew viliandikwa upya, na sababu moja ni kwamba watu weusi walikuwa wamechorwa humo kwa dharau. Katika mji wa mpakani mtego huo uko karibu sana: kumfanya mgeni kuwa mwizi kwa sababu tu ametoka ng'ambo. Hiyo si dalili, ni uvivu wa fikra, katika hadithi na katika doria.

Sasa twafika penye jambo lituhusulo sisi wenye sare. Msichana wetu hana mamlaka ya kukamata mtu. Akishalifumbua fumbo, sharti aende kituoni. Je, koplo wa zamu atamwambia nini? Mwandishi anayetaka kuchekesha atamfanya koplo amfukuze: "Nenda nyumbani, mtoto, sisi tuna kazi." Wasomaji watacheka, nasi tutaona aibu kidogo, kwa kuwa jambo hilo hutokea. Mtoto auzaye mayai karibu na mpaka huona nani amepita na amebeba nini, na asiposikilizwa mara ya kwanza, mara ya pili hatakuja.

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda, na vijana wanahitaji vitabu vya kukizoea, vyepesi na vya kwao. Askari ana hazina ya visa vidogo vidogo: baiskeli iliyopatikana, mbuzi aliyedaiwa na watu wawili. Chukua daftari, badilisha majina na mahali, iache siri ya kazi mahali pake, kisha mpe msichana fumbo alifumbue. Na katika sura ya mwisho, afikapo kituoni, mwandikie koplo anayevuta kiti, anashika kalamu, na kusema: "Karibu, binti. Anza mwanzo."